Inchi Tatu na Nusu

Ngulyati, Bariadi
14 Aprili 1996

Dada Nyanjige,

Shikamoo. Kwetu ni mhola, amani tupu, tunakula na tunalala. Mayu mama yetu hajambo. Goti moja limepona, la pili anasema analiacha liume kidogo ili awe na sababu ya kutokwenda kwenye vikao vya kina mama. Mvua imenyesha bila mpango, pamba imesimama vizuri, na wanunuzi binafsi wameanza kupita kuisifia kabla haijatoa hata ua. Mwaka huu tunaambiwa watakuja wanne, kila mmoja na mizani yake, na kila mmoja amekwisha kutuonya juu ya mizani ya wenzake. Zamani tulikuwa na chama kimoja cha ushirika cha kutupunja. Sasa tunachagua.

Harusi yangu na Justina wa Ipililo tumeisogeza mbele kidogo, hadi pamba iuzwe. Amekubali, ila kwa sura ambayo sikuisoma hadi mwisho.

Jambo langu ni pikapu. Naliendesha kila siku, Ngulyati hadi Bariadi mjini na kurudi, abiria, magunia na kreti za soda za Athumani wa duka la jumla. Tairi zimeota kipara na gari limekaa chini mno, kila tuta linakwaruza tumbo. Nataka kulipandisha inchi nne na kulivalisha tairi pana za kashata, zenye meno makubwa, kama zile za magari ya wawindaji yanayopita hapa kwenda porini. Wewe unauza tairi mwaka wa tatu sasa, nishauri rimu gani na tairi gani, na kama Mama Asumini wako wa dukani anaweza kutoa zilizotumika lakini zenye heshima.

Usidhani nimesahau pikapu hili lilitoka wapi. Ni ng'ombe wako ishirini wa mahari waliotoka Lingeka kwa mkweo Mzee Mwandu, na marehemu baba akawageuza wote kuwa gari moja la mitumba kutoka Japani. Nikiliwasha asubuhi naona kama nafungulia zizi. Na najua kama kila Msukuma anavyojua, nyumba yako na Marcelo ikivunjika leo, kesho mzee yule atasimama hapa uani akidai ng'ombe ishirini au funguo. Lakini hayo tunayasema tu, nyie mko salama.

Msalimie shemeji Marcelo. Mwambie barua yake ya mwisho naikumbuka, ilikuwa ya mwaka jana.

Mdogo wako,
Joakim


Dar es Salaam
11 Mei 1996

Mdogo wangu Joakim,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu juu yake, kwa hiyo naamini ilikuja kwa miguu. Mimi ni mzima. Joto limepungua. Mama Asumini ameongeza kontena la pili la tairi kutoka Dubai na ameniweka kaunta, kwa sababu anasema wanaume wanamsikiliza zaidi mwanamke asiyecheka. Marcelo yupo, kazi ni nyingi. Mpe Mayu shikamoo yangu na umwambie goti lisilouma halina faida, naungana naye.

Sasa inchi nne. Kila wiki anakuja kijana hapa anataka inchi nne, na kila mwezi anarudi akiwa ameshika propela mkononi. Ukilipandisha gari kiasi hicho, propela inayozungusha magurudumu ya nyuma inakaa kama mtu anayeteremka ngazi, misalaba ya viungo vyake inalia, mipira ya breki inavutika, na kwenye kona gari linafikiria mara mbili kama likufuate. Gari la wawindaji linatengenezwa na tajiri na likiharibika tajiri hupanda jingine. Wewe unalo moja.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba tairi lenyewe linapandisha. Tairi likiwa refu kwa inchi tatu kuliko la zamani, gari linainuka inchi moja na nusu, kwa kuwa nusu ya urefu iko juu ya ekseli na haibebi kitu. Kwa hiyo kabla sijakwambia neno, nijibu haya. Gari likiwa tupu, kutoka juu ya tairi hadi kwenye madigadi ni vidole vingapi? Likiwa na mzigo je? Mzigo mzito kuliko yote unaobeba ni upi, na unakaa nyuma kabisa au katikati? Unapita wapi, na wapi tena? Kisha paka masizi ya sufuria kwenye tairi la mbele kushoto na la nyuma kulia, bandika karatasi, bonyeza, unitumie. Nitayasoma.

Na harusi, kwa nini imesogezwa? Ng'ombe wa kumtolea Justina uliniambia mwaka jana wamekamilika, ukawataja mpaka kwa rangi zao.

Dada yako,
Nyanjige


Ngulyati
8 Juni 1996

Dada Nyanjige,

Shikamoo. Mayu anacheka goti lake. Pamba imeanza kupasuka na mnunuzi wa kwanza amefika na turubai jipya na redio kubwa, watu wanakwenda kusikiliza redio na kurudi wameuza.

Nimekutumia masizi kama ulivyoagiza. Jirani yetu Monika aliniona nimepiga magoti mbele ya gari nikilibandika karatasi, akaenda kusema kwamba Joakim amepewa dawa ya gari na mganga. Tangu siku hiyo abiria wameongezeka.

Vidole sita likiwa tupu, viwili likiwa na mzigo. Mzigo mzito ni magunia ya pamba na watu. Unakaa popote unapokaa. Napita Ngulyati na Bariadi, na Bariadi na Ngulyati. Harusi imesogezwa kwa sababu za kawaida.

Sasa na mimi nikuulize, dada, kwa adabu. Maswali yako ni mengi. Mtu anayetaka kuuza tairi anauliza namba ya tairi. Anayeuliza vidole, mzigo, propela na njia ni mtu anayetaka kujua gari lina afya gani, na anayetaka kujua gari lina afya gani huwa anataka kulichukua. Je, maswali haya ni yako, au kuna mtu amekaa kando yako anakusomea? Kama ni Marcelo, mwambie aandike mwenyewe, kalamu anayo. Na kwa nini sanduku la posta nyuma ya bahasha limebadilika? Lile la zamani lilikuwa la kazini kwake. Hili nimemwuliza Athumani, anasema ni la duka la Mama Asumini.

Kwangu zingatia inchi nne na tairi pana.

Joakim


Dar es Salaam
2 Julai 1996

Joakim,

Sanduku la posta limebadilika kwa sababu lile lilikuwa linapoteza barua. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Hakuna mtu kando yangu isipokuwa feni, na imeharibika.

Nimesoma masizi yako. Mama Asumini alidhani naagua, akaniuliza kama naweza kumtazamia na yeye. Haya ndiyo niliyoyaona. Tairi la nyuma limeliwa katikati ya kashata kwa visu vidogo vidogo, hayo ni mawe. Ubavuni kuna matundu matatu yaliyozibwa, hiyo ni miiba ya mgunga. Na kwenye masizi zimenata punje za mchanga mweupe, mnene kama chumvi ya mawe, mchanga wa mto. Mdogo wangu, mimi nimezaliwa Ngulyati. Kutoka hapo hadi Bariadi mjini hakuna mto wa kuitwa mto, na udongo ni mweusi tupu. Halafu unataka tairi pana. Mwenye tope anataka tairi jembamba likate tope hadi lifike pagumu. Anayetaka pana ni mwenye mchanga, ili lisizame. Wewe unavuka mto gani?

Na Athumani alikuja kuchukua bidhaa Kariakoo, akapita hapa dukani kunisalimu. Nilimpa chai, akanipa habari. Anasema gari la Joakim siku hizi Jumanne na Ijumaa halionekani mjini, na soda zake analetewa kwa mkokoteni. Gari la kila siku lenye mapumziko mara mbili kwa wiki. Hata padri hapumziki hivyo.

Sitauliza tena, kwa kuwa ukiulizwa unajifunga. Nitachagua kama mtu asiyejua anachagulia njia gani, na lawama tutagawana. Nakutumia kwa lori la Athumani tairi tano za 700-16, kashata ya wastani, nyembamba, zimetumika Japani na mtu aliyekuwa na huruma. Rimu za kumi na sita nimezipata za chuma. Usikubali za aluminiamu, zikipinda porini hakuna nyundo itakayozisikiliza. Kwenye mchanga punguza upepo hadi tairi lifanye kitambi, ukitoka jaza tena. Fundi Muksini wa Bariadi akuongezee jani moja la springi nyuma na akaze zile za mbele, inchi mbili, asizidishe. Tairi zitaleta moja na nusu. Jumla tatu na nusu, utavuka mto wowote usioutaja.

Ujue pia kwamba spidomita sasa itakuwa inadanganya. Ikisema hamsini, wewe uko hamsini na tano. Ukoo wetu ulikuwa na waongo wa kutosha, lakini sasa na gari.

Nyanjige


Ngulyati
19 Agosti 1996

Dada,

Shikamoo. Tairi zimefika zote tano. Athumani alizilalia njia nzima akasema hajawahi kulala pagumu hivyo tangu alipooa.

Muksini alifanya kazi siku mbili. Alitaka kuongeza majani mawili ya springi, akasema inchi mbili ni za walimu. Nikamsomea barua yako, akaweka jani la pili chini, kisha akauliza kama dada yangu ameolewa. Nikamjibu ndiyo. Nilimjibu haraka sana na sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Gari limesimama kama dume la mnadani. Watoto wanapita chini ya bodi bila kuinama sana. Mayu sasa anapandia kigoda, na akishafika juu hataki kushuka. Nimepita nalo mahali ambapo zamani nilikuwa nateremka na kuomba watu wasukume, na halikugusa kitu. Ulichagua vizuri. Nyembamba zimeshinda. Sitaandika tena neno pana.

Mnunuzi wa redio amekimbia, amekuja mwingine mwenye televisheni. Nabeba pamba yake alfajiri hadi jioni.

Barua yako ya mwisho haikuwa na neno juu ya shemeji. Mayu ameliona hilo, si mimi.

Joakim


Ngulyati
24 Septemba 1996

Dada Nyanjige,

Shikamoo. Sote wazima.

Nataka kulirudisha gari chini. Bodi la nyuma liwe kama zamani, au chini ya hapo ikiwezekana. Nieleze namna. Nikitoa jani la springi peke yake litashuka kiasi gani? Au nirudishe tairi ndogo? Nijibu upesi, kabla ya mvua za Novemba.

Naomba usiulize.

Joakim


Dar es Salaam
20 Oktoba 1996

Joakim,

Umeniomba nisiulize, kwa hiyo nitakueleza.

Mwezi wa nane gari lilikuwa dume la mnadani. Mwezi wa tisa unataka liwe mbuzi. Nimekaa kaunta siku tatu nikifikiri ni nani anayedhurika kwa bodi kuwa juu. Si gunia la pamba, maana linarushwa kutoka begani na bega halijali inchi tatu. Si soda. Si abiria, umesema mwenyewe Mayu anapandia kigoda. Kinachodhurika ni kitu kizito kisichobebeka begani, kisichojua kigoda, na ambacho lazima kishuke kwa miguu yake. Unabeba ng'ombe, mdogo wangu. Mara mbili kwa wiki, ukivuka mto wa mchanga, kwenye mawe na migunga. Nikiiweka njia hiyo kwenye kichwa changu, inaishia Meatu. Meatu namjua mtu mmoja tu, na anaishi Lingeka.

Sasa niambie unawatoa wapi na unawapeleka kwa nani. Kama unawatoa Lingeka kuja Ngulyati, basi Mzee Mwandu amekulipa kitu, na kitu pekee ninyi wawili mnachoweza kuuziana ni mimi. Kama amekuongezea ng'ombe ili umhakikishie kwamba nitarudi kwa mwanawe, vua hizo tairi leo, zilete kwa Athumani, na gari liende liendako.

Maana siwezi tena kukuandikia kwamba Marcelo yupo. Yupo, lakini kwake. Nilitoka Februari. Mara ya kwanza alinipiga akaomba radhi. Mara ya pili hakuomba. Mara ya tatu alinipiga huku anaongea na mtu mlangoni habari za mpira. Nikajua imeshakuwa kazi ya nyumbani kama kufagia. Naishi chumba cha nyuma ya duka la Mama Asumini. Nalala salama.

Sikukuandikia kwa sababu niliijua hesabu ile ya ng'ombe ishirini au funguo. Gari hilo ndilo linalompeleka Mayu hospitali, ndilo linalokulisha, ndilo la kukuoza. Nilisema nikae kimya, mwaka upite, labda wasahau. Ndiyo maana nilikuuliza vidole na propela. Nilitaka kujua kama gari likitakiwa kuuzwa lina nini ndani yake, na kama halitauzwa, lidumu. Ulinishuku vizuri, ulikosea mtu tu.

Nijibu kwa barua nzima, usiniandikie mistari mitano kama mtu wa simu ya upepo.

Nyanjige


Ngulyati
12 Novemba 1996

Dada yangu Nyanjige,

Shikamoo. Leo nimekaa chini kabisa. Chai ipo, Mayu yuko kwa jirani, mlango nimeufunga.

Mzee Mwandu alikuja hapa tarehe sita Machi, kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza. Kwa hiyo nilipomsalimia shemeji nilikuwa najua. Nilitaka kuona utasema nini. Ukasema kazi ni nyingi.

Alikuja na wazee wawili. Hakuketi. Alilizunguka gari kama anayechagua dume, akapiga tairi teke, akafungua kinywa cha boneti akatazama meno. Akasema mwanamke ametoka kwa mwanawe na hakuna mtoto waliyemzaa, kwa hiyo hakuna cha kupunguza. Ng'ombe ishirini wazima kabla ya Krismasi, au funguo. Mayu alikuwa shambani, namshukuru Mungu kwa palizi. Nikamwambia mzee, utapata ng'ombe. Akacheka, akasema nitampata nani wa kunikopesha. Nikamjibu sikopi.

Wanane wa kwanza walikuwa wale niliokutajia kwa rangi. Ndiyo sababu za kawaida za harusi. Justina nilimweleza yeye peke yake. Tulimaliza kula viazi vyote, kisha akasema atasubiri msimu mmoja wa pamba, msimu wa pili asiulizwe. Wengine nimewanunua mnadani kwa kazi ya kubeba pamba ya hawa wenye redio na televisheni.

Utaniuliza kwa nini sikuwaswaga kwa miguu kama watu wote. Kwa sababu ng'ombe wakitoka Ngulyati kundi zima kuelekea Lingeka, kila mwenye macho anajua ni mahari yanarudi, na kabla hawajavuka mto jina lako lingekuwa limefika Maswa. Na Mayu angelisikia sokoni. Nikafunga miti ubavuni mwa bodi, nikafunika turubai la pamba, wawili wawili, alfajiri ya Jumanne na Ijumaa. Siku hizo nikiwa sina ng'ombe nazunguka minadani kuwatafuta. Ukiniuliza njiani nabeba nini nasema pamba, na pamba inajibu mooo. Zamani gari lilikuwa linakwama mtoni, ndio maana nikataka inchi zako.

Nyumbani sina shida ya kuwapandisha, kuna kichuguu kikubwa, narudisha gari kinyumenyume, wanaingia kama wanaingia kanisani. Lakini kwa Mzee Mwandu ni uwanda mtupu kama sahani. Gari lilipokuwa bado chini walikuwa wanaruka wenyewe. Baada ya inchi tatu na nusu, mtamba wa kumi na tatu alisimama ukingoni, akatazama chini, akanitazama mimi. Nilimsukuma. Aliangukia mguu wa mbele na ukavunjika. Mzee alitoka na kiti chake, akaketi, akasema ng'ombe wa mahari aliingia kwako akitembea, na kwangu ataingia akitembea. Huyu hahesabiki. Wakamchinja palepale na wakala, na mimi nikanywa supu yake kwa sababu nilikuwa na njaa. Hilo linaniuma kuliko yote.

Ungejua nabeba ng'ombe usingenipa inchi zile. Najua. Kosa ni langu, nilikununulisha tairi kwa uongo.

Kwa nini sikukwambia. Kwa sababu nakujua. Ungejua kwamba ng'ombe wa Justina wamekwenda, ungefunga sanduku ukarudi kwa Marcelo ili mimi nioe. Ungefanya hivyo kimya kimya na ungeniandikia kwamba kazi ni nyingi. Na usinipake sukari, sikufanya kwa ajili yako peke yako. Gari nalitaka. Naamka alfajiri kwa sababu yake, na watu wananiita kwa jina lake. Nilimtazama mzee yule akilipiga teke nikajua sitampa.

Wamefika kumi na saba wanaohesabika. Wamebaki watatu. Tangu yule avunjike naazima gari dogo la Muksini, lakini halivuki mto mvua ikianza, na mawingu yameshakuja. Krismasi iko pale. Nieleze nilishushe vipi. Mayu hajui kitu, tuendelee hivyo.

Mdogo wako,
Joakim


Dar es Salaam
6 Desemba 1996

Mdogo wangu Joakim,

Marahaba. Barua yako niliisoma kaunta, mteja akasubiri, akachoka, akaenda kununua kwa jirani. Mama Asumini alinivutia kiti.

Usilishushe gari. Likishuka hutauvuka mto, na mvua imeanza. Chukua jembe, Joakim. Ukifika kwa Mzee Mwandu chimba mashimo mawili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, kina cha goti lako, na nyuma yake uteremshe udongo kama mteremko. Rudisha gari magurudumu yaingie shimoni. Bodi litakaa chini kuliko lilivyokuwa Japani, na ng'ombe atashuka kama mtu anayetoka dukani. Kutoka utatumia gia nzito na hizo nyembamba zitakamata. Chimba palepale uani kwake, mbele ya kiti chake. Akiuliza, mwambie ni ushauri wa fundi.

Nimekaa na jambo jingine wiki mbili sijui nilianzeje. Mayu ameniandikia. Barua imeandikwa na Monika, kwa wino wa kijani, na nanukuu: "Ndugu yako anasema anabeba pamba lakini gari linanuka zizi, na Jumanne anarudi na kinyesi kwenye viatu. Ng'ombe wa Justina hawapo malishoni. Mwandu alipokuja Machi nilimwona kutoka shambani, nikainama kwenye pamba wasinione, maana kijana alikuwa anajitahidi kunificha. Sijamwuliza kwa sababu angeona aibu. Wewe rudi tukuone uso." Kwa hiyo miezi tisa tumemficha mtu aliyekuwa ameinama nyuma ya mstari wa pamba akitutazama.

Sitarudi kwa Marcelo. Nakuandikia wazi ili usiwe na wasiwasi kwamba sanduku limefungwa. Wala usiniombe radhi kwa supu.

Ng'ombe wawili kati ya watatu ni wangu. Athumani ananitafutia mitamba mnada wa wiki ijayo, nimemwambia wawe na miguu minene. Nafika Bariadi naye tarehe kumi na saba. Wa tatu ni wako. Tutakwenda Lingeka Ijumaa tarehe ishirini, na hatutakwenda alfajiri. Tutaondoka saa tatu, watu wakiwa wameamka, tupite katikati ya Ngulyati na katikati ya mnada, na turubai liache nyumbani, bila hilo wote watatu wataenea. Atakayepeleka jina langu Maswa alipeleke na hilo. Nitasimama karibu na shimo nihesabu miguu kumi na miwili ikishuka. Kisha nitamwamkia Mzee Mwandu, kwa sababu ni mtu mzima, na tutaondoka. Jumamosi tutakwenda Ipililo. Nina maneno machache kwa wazazi wa Justina kuhusu kijana mmoja na msimu wake mmoja.

Kagua upepo tairi la spea kabla sijafika. Na uiondoe ile kreti ya soda kwenye kiti cha mbele. Mayu amesema tutakuwa watatu, na dirishani atakaa yeye.

Dada yako,
Nyanjige, binti Mashimba